Minazi Ina Wenyewe, Ardhi ya Serikali

Bibi yangu wa Nungwi alipotaka kumsaidia kijana aliyeoa, alimpa minazi. Desturi yetu ni hiyo: mnazi una mwenyewe, aliyeupanda au aliyeurithi, ardhi chini yake ni jambo jingine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliitangaza ardhi yote ya Zanzibar kuwa mali ya umma, ikawagawia wakulima eka tatu tatu. Aliyepewa alilima na kula, ila kuuza hakuruhusiwa. Kufuli hilo naliheshimu sana, kwa kuwa liliwazuia wenye fedha kuyakusanya tena mashamba.

Kwetu Nungwi, kaskazini, kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe, thamani ilibaki kwenye miti. Hata Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ilikubali mti uwe na mwenyewe mbali na ardhi. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Hoteli zilipoingia miaka ya 1990, ardhi haikuuzika, basi ikanunuliwa minazi. Watu walilipwa kwa kuhesabiwa mashina, na ufukwe ukaenda nayo. Inaniuma hadi leo: bei ilikuwa ya nazi, bahari ilitolewa bure. Wengi wa aila yangu sasa wanajenga ndani, mbali na ufukwe, juu ya mawe.