Nani Anayesikia Baridi?

"Leo ni hasi 20, lakini kwa upepo ni kama hasi 33." Mtu yeyote aliyekaa Winnipeg mwezi Januari amesikia sentensi ya namna hii, redioni, kwenye lifti, au kwa mwenzake wa darasani anayevua tabaka la tatu la makoti. Kiingereza kina jina la hiyo tofauti ya 13: "wind chill". Kwa Kiswahili nitaiita baridi ya upepo, ingawa jina hilo lina ugomvi wake kwetu sisi watu wa Pwani. Dar es Salaam jioni unakwenda ufukweni kupunga upepo. Unaufuata kwa miguu yako, na wakati wa joto unashukuru unapovuma. Kuujumlisha kwenye hesabu ya mambo yanayodhuru ni jambo nililojifunzia huku, nikisoma shahada ya uzamili ya historia.

Kinachonivutia zaidi ni sarufi. Kiswahili kinadai mwenye kusikia: nasikia baridi, anasikia baridi, watoto wanasikia baridi. Kuna mwili kwenye sentensi. Watangazaji wa Kiingereza husema "it feels like", yaani inahisika kama, na hapo mtu amekwisha kutoweka. Inahisika kwa nani? Nilidhani swali hili ni la kilugha tu, mpaka nilipoanza kufuatilia historia ya ile namba. Jibu lipo, na limebadilika angalau mara moja.

Msikiaji wa kwanza alikuwa kopo la plastiki.

Paul Siple alikuwa skauti wa Marekani aliyechaguliwa mwaka 1928, akiwa na miaka 19, kuandamana na Richard Byrd kwenda Antaktika. Safari hiyo haikumtoka tena. Mwaka 1939 aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu namna mvumbuzi anavyozoea hali ya hewa ya bara lile, na humo ndimo neno "wind chill" linamohesabiwa kuzaliwa. Kisha akarudi kusini. Katika majira ya baridi ya mwaka 1941, yeye na mwanajiolojia Charles Passel walining'iniza juu ya paa la kambi yao kopo lenye gramu 250 za maji, wakapima joto la hewa, wakapima upepo, na wakahesabu muda ambao maji yalichukua kuganda. Walirudia hivyo mara nyingi, kwenye upepo mkali na upepo mdogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1945.

Ni jaribio ninalolipenda kwa urahisi wake. Lakini lile kopo halikuwa na damu ya kulipasha moto, halikuwa na koti, halikutembea. Walichokipata kilikuwa kasi ya kupotea kwa joto, si hisia ya mtu. Kwa miaka mingi Kanada ilitangaza kasi hiyo ilivyo, kwa wati kwa mita ya mraba, na watu wa majimbo ya nyikani, Manitoba ikiwemo, wakazoea kuambiwa kwamba baridi ya upepo leo ni 1600. Namba hiyo haikujifanya joto la hewa. Ulijifunza maana yake kwa masikio na pua zako: ikifika kiasi fulani unavaa hivi, ikizidi hapo unabaki ndani.

Kilicholeta utata, kwa maoni yangu, ni kuigeuza namba hiyo kuwa nyuzi, ili ieleweke na kila mtu. Ilieleweka kweli, tena mno. Hapo ndipo "ni kama" ilipoingia kwenye sentensi, na watu wakaanza kuidondosha. Hapa Winnipeg utamsikia mtu akiapa kwamba jana ilikuwa hasi 45, wakati kipimajoto hakikufika hata hasi 30.

Mwaka 2001 Kanada na Marekani ziliamua kupiga hesabu upya. Safari hii walitumia watu. Mjini Toronto, wanawake sita na wanaume sita waliojitolea walitembea juu ya mashine ya mazoezi ndani ya handaki la upepo baridi, wakiwa na vipima joto vilivyobandikwa usoni. Kanuni iliyotokana nayo, ambayo ndiyo inayotumika mpaka sasa, ina mtu ndani yake: uso ulio wazi, wa mtu mzima anayetembea kwa kilomita 4.8 kwa saa, bila jua. Kwa hasi 20 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, inatoa hasi 33. Kwa hali hiyohiyo, kanuni ya zamani ingetoa takribani hasi 41. Kopo lilikuwa limetia chumvi.

Wataalamu wa Kanada walichukua hatua moja zaidi ambayo, kama mtu wa lugha, ninaiheshimu. Waliamua kwamba baridi ya upepo iandikwe bila alama ya nyuzi. Joto la hewa ni nyuzi hasi 20. Baridi ya upepo ni hasi 33, basi. Ni namba ya kulinganisha tu. Ukitaka kuona kwa nini, fikiria bomba la maji. Hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri, upepo uvume utakavyo, maji ya bomba hayatafika sifuri. Yatapoa haraka zaidi, yatafika nyuzi 2, yataishia hapo. Bomba halisikii baridi.

Mama yangu, mzaliwa wa Makete, ambako sakitu ya alfajiri huunguza mazao shambani, ananipigia simu na kuuliza, "Huko leo baridi ngapi, mwanangu?" Mwanzoni nilimtajia ile namba kubwa, kwa sifa. Siku hizi namtajia zote mbili, naye hushika ya kwanza. Anasema hiyo ya pili ni maneno.

Si maneno matupu. Namba ikishuka karibu na hasi 28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na onyo hilo limewaokolea watu vidole. Ila mtu aliyemo ndani yake ni yule wa Toronto, anayetembea kwa mwendo wake usiobadilika. Aliyesimama kituoni dakika 40 kungoja basi si yeye. Anayelala nje si yeye.

Mkenya mmoja ninayesoma naye husambaza chakula usiku kwa baiskeli. Usiku ukiwa shwari, nyuzi hasi 15, taarifa haitaji baridi ya upepo kabisa, kwa kuwa hakuna upepo. Yeye anakwenda kilomita 20 kwa saa, na upepo anautengeneza mwenyewe. Tulipoingiza mwendo wake kwenye kanuni tukapata hasi 24, tena kanuni hiyo inachukulia upepo uliopimwa mita 10 juu ya ardhi, ambao hupungua kabla ya kufika usoni. Wake haupungui. Akavuta soksi ya pili, akaangalia simu: oda mbili, zote ng'ambo ya mto.