Yungiyungi la Buluu na Uongo wa Washairi

Kila nikisoma hadithi za Kihindu zilizotufikia kupitia Kiingereza, nakutana na "lotasi ya buluu". Shida ni moja tu: ua hilo halipo. Lotasi ya India, Nelumbo nucifera, huchanua rangi ya waridi au nyeupe, basi. La buluu ni yungiyungi, Nymphaea nouchali. Jani lake lina mpasuko na hulala juu ya maji. La lotasi ni duara kamili, na mara nyingi huinuka juu ya maji kama mwavuli. Wala si geni kwetu, maana aina yake moja wanasayansi waliipa jina la Zanzibar: zanzibariensis.

Kisanskriti kina neno la kila moja. Kwenye sala maarufu ya Ramaraksha Stotra, mwili wa Rama unafananishwa na nilotpala, yungiyungi la buluu, halafu macho yake na rajiva, ambayo ni lotasi. Maua mawili, rangi mbili. Mfasiri akiyaita yote lotasi, picha nzima inakufa. Nasi tunaoitafsiri tafsiri yake tunameza kosa hilohilo, ilhali neno yungiyungi tunalo!

Sasa, msidhani washairi wa kale walikuwa watumwa wa mimea. Yapata mwaka 900, mhakiki Rajasekhara aliorodhesha mambo ambayo washairi walikubaliana kuyasema hata kama maumbile yanakataa. Mojawapo: nilotpala halichanui mchana. Ukweli ni kwamba linafunguka asubuhi, watu wakiliona. Walijua, wakaamua kulipa usiku. Uongo wa namna hiyo naupenda, kwa sababu anayeusema anaujua ukweli.

Kisa ninachokipenda zaidi Valmiki hana. Kimo katika Ramayana ya Kibengali ya Krittibas, ya karne ya 15. Rama anataka msaada wa mungu wa kike Durga ili amshinde Ravana, na sadaka ni maua 108 ya buluu. Hanuman anayaleta. Durga, kwa kumpima, anaficha moja. Rama anahesabu, anarudia: 107. Anakumbuka kwamba watu huyafananisha macho yake na ua hilo, basi anachukua mshale ajing'oe jicho moja litimize hesabu. Hapo Durga anamzuia.

Huko Bengal, wakati wa Durga Puja, hadi leo hutolewa maua 108. Kwa kawaida ni lotasi za waridi.