Udongo Hauhami: Mpunga wa Rufiji na Mwaka 1968

Tukisema kutayarisha shamba la mpunga, wengi wetu tunawaza jembe. Kwa mkulima wa bonde la Rufiji, kazi ya kwanza ilikuwa kuusoma mto. Kiangazi anafyeka na kuchoma majani. Mvua za kwanza zikilainisha udongo, anapanda. Hapo sasa ni mbio: mpunga urefuke kabla mto haujafura wakati wa masika. Akichelewa, maji yanaumeza. Akiwahi, na mafuriko yakaja ya kiasi, anaachiwa rutuba ya bure, na maji yakipungua anapanda mazao ya mlau, kama mahindi na kunde, kwenye unyevu uliobaki.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuja makubwa. Serikali ikaona jawabu ni kuwahamishia watu vijiji vya nchi ya juu: ndiyo Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa usalama, pamoja na huduma kama shule na zahanati. Sawa. Lakini je, udongo nao ulihama? Wapi! Mashamba mazuri yalibaki kule kule bondeni. Basi msimu ukifika watu walirudi, wakakaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, walime na kuamia ndege, huku makazi rasmi yako mbali.

Kwa hiyo nikisikia wakulima wale wakiitwa wabishi wa maendeleo, nasita. Yale mafuriko tunayoyaandika kama janga tu, kwao yalikuwa pia mbolea. Historia ya Rufiji isiyojua hilo imesomwa nusu.