Mimba zabibu: Homoni isiposhuka, hatari haijaisha

MWANAMKE aliyesafishwa mji wa mimba baada ya kugunduliwa kuwa na mimba zabibu huwa hajamaliza matibabu siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani. Hubakia kazi ya kufuatilia kiwango cha homoni moja katika damu yake, wiki baada ya wiki, na katika kaunti pana kama Kitui na Makueni, hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi.

Homoni hiyo hufahamika kwa ufupi kama hCG. Hutengenezwa na chembechembe za kondo la nyuma, na ndiyo inayotafutwa na vijiti vya kupimia mkojo vinavyouzwa katika maduka ya dawa.

Mimba isiyo na mtoto

Kwa kawaida yai la mama hurutubishwa na mbegu moja ya baba, kila upande ukileta kromosomu 23. Katika mimba zabibu, hesabu hiyo huvurugika.

Kuna aina mbili. Katika mimba zabibu kamili, yai huwa halina kromosomu za mama, hivyo kromosomu zote 46 hutoka kwa baba. Mtoto haumbiki, badala yake, kondo hukua kupita kiasi na kujaa vifuko vya maji vinavyofanana na kichala cha zabibu. Katika mimba zabibu nusu, mbegu mbili hurutubisha yai moja na kromosomu huwa 69. Mtoto huweza kuanza kuumbika, lakini kwa kawaida hawezi kuishi.

Kosa hili hutokea wakati wa mimba kutungwa. Si laana wala uchawi, na mama hastahili kulaumiwa. Wasichana wadogo na wanawake waliopita umri wa miaka 40 ndio walio katika hatari zaidi, ingawa yeyote anayeweza kushika mimba anaweza kupatwa nalo.

Homoni inavyosema

Katika mimba ya kawaida, hCG huongezeka kwa kasi katika wiki za mwanzo, hufikia kilele kati ya wiki ya nane na ya 11, kisha hupungua. Katika mimba zabibu kamili, kondo lililokua ovyo humwaga homoni kwa wingi, na mara nyingi kiwango hupita uniti 100,000 kwa lita. Katika mimba zabibu nusu, kiwango huweza kufanana na cha mimba ya kawaida, ndiyo sababu kipimo cha damu pekee hakitoshi.

Wingi huo wa homoni ndio chanzo cha dalili nyingi. Mama hutapika kupita kiasi. Ovari zake huweza kuvimba na kuwa na uvimbe wa maji. Kwa kuwa hCG inafanana kwa kiasi na homoni inayoamrisha tezi ya shingo, moyo huweza kwenda mbio, mikono ikatetemeka na jasho likamtoka. Aidha, tumbo huweza kuwa kubwa kuliko umri wa mimba, na shinikizo la damu likapanda kabla ya wiki ya 20. Hata hivyo, dalili inayojitokeza zaidi ni kutokwa na damu, wakati mwingine pamoja na vifuko vidogo vya maji.

Lipo pia jambo linaloweza kumpotosha mhudumu. Homoni ikizidi mno, huweza kukilemea kijiti cha mkojo hata kikaonyesha kwamba hakuna mimba. Maabara hutatua tatizo hilo kwa kuzimua sampuli kabla ya kuipima upya.

Picha ya ultrasaundi huonyesha hali hii mara nyingi, lakini uthibitisho hupatikana pale nyama iliyotolewa inapochunguzwa kwa hadubini. Nyama hiyo ikitupwa kwa dhana kwamba mimba imeharibika tu, mama huenda nyumbani bila kujua kwamba anahitaji kufuatiliwa.

Safari ya wiki nyingi

Tiba ya kwanza ni kufyonza yaliyomo katika mji wa mimba. Kwa mwanamke asiyehitaji watoto zaidi, daktari huweza kujadiliana naye kuhusu kuutoa mji wa mimba wenyewe, ingawa hata hilo halimwondolei haja ya kupimwa homoni.

Baada ya hapo, damu hupimwa kila wiki hadi hCG irudi katika kiwango cha kawaida, yaani chini ya uniti 5 kwa lita, mara tatu mfululizo. Mwongozo wa mwaka 2018 wa Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi, FIGO, unapendekeza kipimo cha kila mwezi kwa miezi mitatu zaidi kwa mimba zabibu kamili, na kipimo kimoja cha kuthibitisha baada ya mwezi mmoja kwa mimba zabibu nusu. Baadhi ya hospitali hufuatilia kwa muda mrefu zaidi.

Kati ya wanawake 100 waliopata mimba zabibu kamili, 15 hadi 20 hubaki na chembechembe zinazoendelea kukua. Kwa mimba zabibu nusu, idadi hiyo haizidi watano. Dalili ya kwanza huonekana katika tarakimu: homoni hukwama mahali pamoja katika vipimo vinne vya wiki tatu, au hupanda katika vipimo vitatu vya wiki mbili. Mama mwenyewe huenda bado anajihisi mzima.

Akiachwa hivyo, ugonjwa huweza kugeuka kuwa koriokasinoma, saratani ambayo husambaa upesi hadi kwenye mapafu na hata ubongo.

Hapo ndipo umbali unapokuwa suala la uhai. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 za mraba. Mkazi wa Tseikuru au Mutha anayetakiwa kufika mjini Kitui kila wiki hulipa nauli na kupoteza siku nzima ya kazi. Mwenzake wa Mtito Andei anayetibiwa Wote hukabiliwa na mzigo huo huo. Damu inapokoma na nguvu zinaporudi, ni rahisi kuona safari hiyo kuwa ya bure.

Njia mojawapo ya kupunguza mzigo ni kumwomba daktari aeleze kama damu inaweza kutolewa katika hospitali iliyo karibu. Ni vyema vipimo vyote vifanywe na maabara moja, kwa kuwa mashine hutofautiana, na mama ahifadhi matokeo yote pamoja na tarehe zake.

Katika kipindi hicho, mwanamke hushauriwa asishike mimba, kwani mimba mpya hupandisha hCG na kuficha ugonjwa. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kutumika, lakini koili haiwekwi kabla ya homoni kurudi katika kiwango cha kawaida.

Saratani inayotibika

Mwaka 1956, katika Taasisi ya Kitaifa ya Saratani nchini Marekani, Min Chiu Li na Roy Hertz waliitibu koriokasinoma kwa dawa ya methotrekseti. Li alishikilia kwamba dawa iendelee hadi homoni itoweke, hata kama uvimbe hauonekani tena. Msimamo huo ulimgharimu kazi, lakini mwaka 1972 alitunukiwa Tuzo ya Lasker.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, karibu wagonjwa wote hupona, na wengi hubaki na uwezo wa kuzaa. Uwezekano wa mimba zabibu kujirudia ni takriban mmoja kati ya 100. Mwanamke aliyewahi kuipata anapaswa kupigwa ultrasaundi mapema katika mimba inayofuata, na kupimwa hCG wiki sita baada ya kujifungua.

Mwanamke anayetokwa na damu isiyokoma, anayekohoa damu au anayepungukiwa na pumzi miezi kadhaa baada ya mimba yoyote kutoka, hana budi kurudi hospitalini na kumweleza daktari historia hiyo.