Musenyeri Munzihirwa ana kaburi: na wale wa Kavumu je?

KAVUMU, Kivu ya Kusini. Kwa desturi ya huku kwetu, kilio huenda kwa hatua. Marehemu anazikwa, ndugu na majirani wanakaa matanga, kisha siku inafika ambapo jamaa wanakutana, madeni ya marehemu yanatajwa, watoto wake wanapewa wa kuwalea, na kila mtu anarudi kwake. Lakini hatua hizo zote zinategemea jambo moja: mwili uwepo, na kaburi lijulikane. Pasipo kaburi, matanga hayafungwi. Mama anaendelea kugeuza kichwa kila anaposikia hodi mlangoni, hata baada ya miaka karibu 30.

Ndiyo maana kila mwezi wa kumi unapokaribia kuisha, jina la Musenyeri Christophe Munzihirwa linarudi midomoni mwa watu, kuanzia Bukavu mjini mpaka Miti, Kavumu na Katana. Askofu mkuu huyo wa Bukavu aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Yeye ana kaburi, pale kwenye kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix. Ana misa ya kumbukumbu. Mahali alipoangukia, Nyawera, panajulikana na hata watoto waliozaliwa baada yake. Kwa familia nyingi zilizopoteza watu mwaka ule na ambazo hazikupata mwili wa kuzika, kaburi lake limekuwa mahali pa kulilia na marehemu wao.

Mtoto wa Walungu

Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 upande wa Burhale, teritware ya Walungu. Alipata upadri mwaka 1958, na miaka michache baadaye akajiunga na Wayesuiti. Alisoma Ubelgiji, kisha akarudi kufanya kazi Kinshasa.

Huko Kinshasa likatokea jambo ambalo wanaomjua hupenda kulisimulia. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliwakasirikia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliokuwa wameandamana, akaamuru waingizwe jeshini kwa nguvu. Padri Munzihirwa hakuwa mwanafunzi wa kulazimishwa. Aliomba mwenyewe aandikwe jeshini pamoja nao, ili vijana wale wasiteseke peke yao. Anayetaka kuelewa kilichotokea Nyawera miaka 25 baadaye aanzie hapo: mtu huyu alikuwa na tabia ya kukataa kuondoka pale wengine walipobaki.

Baadaye aliongoza Wayesuiti wa Afrika ya Kati, akawa askofu wa Kasongo katika Maniema, na mwezi wa tatu 1994 akateuliwa kuwa askofu mkuu wa Bukavu. Hakupata hata mwezi mmoja wa utulivu. Mwanzoni mwa Aprili, mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, ng'ambo tu ya mto Ruzizi.

Kavumu ilipozungukwa na hema

Kuanzia katikati ya mwaka 1994, Wanyarwanda walivuka mpaka kwa malaki. Kufikia mwaka 1996, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilihesabu zaidi ya watu laki 3 katika kambi za kandokando ya Bukavu peke yake. Kambi kubwa kati ya hizo zilikuwa huku kaskazini, kandokando ya barabara inayoelekea uwanja wa ndege wa Kavumu: Kashusha, Inera na Adi-Kivu. Kambi ya Inera ilichukua jina la kituo cha utafiti wa kilimo kilicho jirani.

Wakaaji wa Kavumu waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni biashara. Soko lilijaa, maharagwe ya msaada yaliuzwa, na kazi zilipatikana kwa mashirika. La pili ni uharibifu na hofu. Miti ilikatwa kwa kuni mpaka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo mwaka 1997 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tena ndani ya kambi, katikati ya akina mama, wazee na watoto, walikuwamo maaskari wa jeshi la zamani la Rwanda na Interahamwe waliokuwa na damu mikononi na silaha mkononi.

Musenyeri Munzihirwa aliliona tatizo hilo. Katika barua na matangazo yake aliomba wakimbizi warudi kwao kwa usalama, haki itendeke, na wasio na hatia wasilipishwe makosa ya wauaji. Aliwakemea pia maaskari wa Zaire waliokuwa wanawapora raia. Maneno hayo hayakumpendeza kila mtu. Wapo waliomlaumu kwamba aliwatetea wakimbizi kupita kiasi, wakati miongoni mwao walikuwamo waliofanya mauaji ya kimbari. Lawama hiyo ipo mpaka leo na haifai kufichwa. Lakini anayesoma msimamo wake anaona kwamba ombi lake lilikuwa moja kwa pande zote: muuaji ahukumiwe kwa jina lake, wala asihukumiwe mtu kwa kabila lake.

Mwezi wa kumi 1996

Vita vilianzia kusini. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika teritware ya Uvira, ilishambuliwa. Wagonjwa zaidi ya 30 waliuawa, wengine vitandani. Daktari mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Denis Mukwege, ambaye baadaye angeanzisha hospitali ya Panzi na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kabla mwezi haujaisha Uvira ilianguka. Waliokuwa wanasonga mbele walikuwa AFDL, muungano uliokuja kuongozwa na Laurent-Désiré Kabila, pamoja na jeshi la Rwanda.

Bukavu ilitikisika. Wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi walikimbia. Munzihirwa alibaki. Aliwaomba watu watulie, akapeleka maombi ya msaada nchi za nje, akakutana na waliobaki mjini kutafuta namna ya kuwalinda raia.

Jumanne tarehe 29 Oktoba, alipokuwa barabarani kwa gari, alisimamishwa Nyawera na maaskari waliokuwa wameingia mjini. Alitoka garini akiwa ameshika msalaba wake. Alipigwa risasi, na waliokuwa pamoja naye waliuawa vilevile. Mwili wake ulilala barabarani mpaka kesho yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusogea. Hatimaye wanafunzi wa shirika la Wasaveri waliweza kuuchukua, naye akazikwa kwenye kanisa lake kuu. Alikuwa na miaka 70.

Siku mbili baadaye, tarehe 31 Oktoba, mabruda wanne wa Kimaristi kutoka Hispania waliuawa katika kambi ya Nyamirangwe, upande wa Bugobe. Nao walikuwa wamekataa kuwaacha wakimbizi. Inaelezwa kwamba waliowaua ni watu wenye silaha waliokuwa ndani ya kambi ileile waliyoitumikia. Kwa hiyo katika siku tatu, mkono wa upande mmoja ulimuua askofu, na mkono wa upande wa pili ukawaua mabruda. Anayetaka kuisimulia Oktoba 1996 kama kosa la kabila moja tu, wafu hawa watano wanamkatalia.

Kilichofuata Kashusha

Mwanzoni mwa Novemba vita vilifika Kavumu. Uwanja wa ndege ulishambuliwa, na kambi za Kashusha na Inera zikapigwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ile inayoitwa Rapport Mapping, inaeleza kwamba wakimbizi wengi waliuawa hapo. Waliobaki walikimbilia msituni, kupitia Kahuzi-Biega kuelekea magharibi. Mnyarwanda mmoja aliyeishi kambi ya Inera, Marie Béatrice Umutesi, aliandika kitabu juu ya safari hiyo: mwendo wa miguu kuikata nchi nzima, mpaka upande wa Equateur, huku wenzake wakibaki njiani mmoja baada ya mwingine.

Wakongomani pia walikufa siku zile. Vita havikuuliza nani ana kadi ya ukimbizi na nani ni mwenye shamba. Wengine walipigwa risasi wakikimbia, wengine walikufa kwa kipindupindu, kuhara na njaa baada ya kujificha milimani. Mazishi ya siku za vita hayana jeneza wala padri. Shimo linachimbwa upesi, udongo unarudishwa, na aliye hai anaendelea kukimbia.

Leo pale zilipokuwa kambi pana mashamba ya maharagwe na mihogo, na nyumba. Mtoto wa shule anapita hapo asubuhi na jioni bila kujua chochote, isipokuwa kama nyumbani kwao kuna mtu wa kumweleza. Kuna familia zinazojua tu kwamba ndugu yao "alibaki kule". Neno hilo, kubaki, watu wanalitumia kwa sababu neno la kufa linadai kaburi, na kaburi halipo.

Vita viliporudi

Kama mambo yangeishia mwaka 1996, labda kidonda kingekauka. Mobutu alianguka tarehe 17 Mei 1997, lakini tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vikaanza. Tarehe 24 Agosti mwaka huo raia waliuawa kwa wingi Kasika, teritware ya Mwenga, hata ndani ya parokia. Mwisho wa mwaka ikawa zamu ya Makobola, teritware ya Fizi.

Aliyemrithi Munzihirwa, Musenyeri Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli mwaka 1999 kuhusu mateso ya watu wake. Februari 2000 wakubwa wa RCD walimzuia asirudi Bukavu, akakaa Butembo kwa miezi saba. Aliporuhusiwa kurudi katikati ya Septemba, mji mzima ulitoka kumpokea. Tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki akiwa Italia. Ndani ya miaka minne Bukavu ilikuwa imewalilia maaskofu wakuu wawili.

Na Februari 2025 Kavumu ilisikia tena mlio uleule. Tarehe 14 M23 waliuchukua uwanja wa ndege, tarehe 16 wakawa Bukavu mjini. Wazee waliobeba watoto mgongoni mwaka 1996 waliwaona wajukuu wao wakifunga vitu vyao katika vitenge, kwenye barabara ileile.

Haki na kumbukumbu

Rapport Mapping ilikusanya matukio 617 ya uvunjaji mkubwa wa haki, kuanzia Machi 1993 mpaka Juni 2003. Daktari Mukwege aliikumbusha dunia ripoti hiyo alipopokea tuzo yake Oslo. Mpaka sasa haijaundwa mahakama maalumu ya kuyashughulikia matukio hayo, na kifo cha Munzihirwa ni kimoja kati yake.

Kuna wanaosema kwamba haki haiwezekani katika nchi hii. Kavumu yenyewe ni shahidi kwamba neno hilo si kweli. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa hapahapa Kavumu, ikawahukumu mbunge wa jimbo na wenzake 10 kifungo cha maisha kwa unyama waliowatendea watoto wa kituo hiki. Unyama huo ulihesabiwa miongoni mwa makosa dhidi ya ubinadamu. Hukumu hiyo ilipatikana kwa sababu wazazi walikubali kusema, madaktari waliandika walichokiona, na wanasheria hawakuchoka. Haki ilikuja pale ushahidi ulipokuwa umetunzwa.

Kwa upande wa kumbukumbu, sheria ya Desemba 2022 iliweka tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa, siku inayoitwa GENOCOST, na mfuko wa FONAREV ukaundwa kwa ajili ya fidia kwa waathirika. Hizo ni hatua. Lakini fidia huanza na swali dogo ambalo familia nyingi haziwezi kulijibu kwa maandishi: marehemu alikuwa nani, alionekana wapi mara ya mwisho, na nani alikuwepo?

Kazi hiyo haihitaji kungoja Kinshasa wala Geneva. Daftari la shule linatosha. Andika jina kamili, jina la baba na la mama, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, siku na mahali alipoonekana mwisho, na majina ya waliomwona. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iwekwe mahali pa kuaminika, kwa mfano parokiani au kwa mtu mwenye kuheshimiwa kijijini. Walioyaona kwa macho mwaka 1996 wakiwa na miaka 40 sasa wanakaribia 70. Kila mwaka wengine wanaondoka, na kila anayeondoka bila kuandikiwa anaondoka na majina ambayo hakuna mwingine anayeyajua.

Kanisa linamwita Munzihirwa Mtumishi wa Mungu, na wapo wanaotamani siku moja atangazwe mwenyeheri. Hilo ni la Kanisa kuamua. Kwa wakaaji wa Kavumu, alichoacha kinaeleweka hata kwa asiye Mkatoliki: alikaa na watu walioachwa. Waliobaki Kashusha, Inera na msituni nao waliachwa. Kuwataja kwa majina yao ndiyo namna iliyobaki ya kukaa nao.