Suusac

Suusac ni maziwa ya ngamia yaliyochachuka, kinywaji cha wafugaji wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera. Hayachemshwi wala hayatiwi hamira. Maziwa mabichi humiminwa katika chombo kilichofukizwa, yakaachwa siku moja au mbili mpaka yawe *dhanaan*, yaani makali. Yakiwa bado matamu huitwa *macaan*. Zinazoyachachua ni bakteria na chachu zilizomo tayari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta *Lactobacillus plantarum* na *Leuconostoc mesenteroides*. Moto haupiti popote, hivyo ugonjwa wa brusela unaweza kumfikia mnywaji.

Chombo cha asili ni *dhiil*. Kikubwa zaidi ni *haan*, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Kijinga cha mjunju au cha mzeituni mwitu hutumbukizwa ndani, mdomo ukafunikwa, chombo kikatikiswa, kisha makaa yakakung'utwa. Moshi hupunguza vijidudu na kuachia maziwa harufu yake, kama nguo za harusi za pwani zinavyobeba udi. Ndiyo maana mjuzi hunusa kwanza, ulimi baadaye.

Aliyezoea mtindi wa ng'ombe atadhani suusac imetiwa maji. Haigandi kuwa donge zito, kwa kuwa kapa-kasini, protini inayosaidia maziwa kushikana, ni takriban asilimia 3 hadi 5 tu ya kasini yote ya maziwa ya ngamia; kwa ng'ombe ni kama 13. Malai nayo haipandi juu kwa urahisi, maana chembe za mafuta ni ndogo mno.

Msimu nao una ladha yake. Wakati wa *jilaal*, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, ngamia hula vichaka vya chumvichumvi na maziwa yakafuata ladha hiyo. Tena ngamia mwenye kiu hutoa maziwa mepesi zaidi: maji yanaweza kupanda kutoka asilimia 86 hivi hadi 91. Mama muuzaji hulaumiwa kwa kuchakachua, kumbe ni ukame.

Siku hizi maziwa mengi husafiri kwa jerikeni za plastiki, ambazo midomo yake haipitishi mkono wa kusugua. Suusac ya jerikeni inaweza kuwa *dhanaan* sawasawa, na mzee akaikataa kwa pua.