Zaidi ya miaka 170 ya kuchungulia nyuma ya mboni

Mboni ya jicho huonekana nyeusi kama kisima, na kwa karne nyingi madaktari waliishia hapo. Kumbe sababu si kubwa. Mwanga unaoingia jichoni hurudi kwa njia iliyoupitisha, na anayetaka kuchungulia huiziba njia hiyo kwa kichwa chake mwenyewe. Mwaka 1850, katika mji wa Königsberg, mwalimu wa fiziolojia Hermann von Helmholtz alishika vipande vyembamba vya kioo mshazari mbele ya jicho. Kioo kiliurusha mwanga wa taa ndani, naye akatazama kupitia kioo hicho hicho. Akaona mishipa ya damu imetawanyika kama mizizi, yote ikitoka kwenye duara dogo la rangi ya waridi iliyopauka. Hicho ndicho kichwa cha neva ya jicho.

Charles Babbage wa Uingereza alikuwa ametengeneza kifaa cha namna hiyo mwaka 1847, lakini daktari aliyeonyeshwa hakukitilia maanani. Miaka mitatu ikapotea.

Duara hilo lina upana wa milimita moja na nusu hivi, na linasema mengi kuliko ukubwa wake. Neva ya jicho ni sehemu ya ubongo: imevikwa utando ule ule unaoufunika ubongo, na maji yanayouzunguka ubongo huifikia. Shinikizo la kichwani likipanda, duara huvimba na kingo zake hufifia. Mwaka 1860, Albrecht von Graefe wa Berlin aliwaeleza wenzake jinsi uvimbe huo ulivyohusiana na uvimbe ndani ya ubongo. Tangu hapo, jicho likawa dirisha la kichwa kizima.

Mtego, hata hivyo, ulikwisha kuonekana. Mwaka 1858 Heinrich Müller alikuwa ameeleza vijibonge vilivyojificha ndani ya kichwa cha neva, ambavyo baadaye viliitwa druseni, neno la wachimba madini wa Kijerumani. Kwa mtu mzima vijibonge hivyo hushika chokaa, hujitokeza juu na kumetameta, na daktari huvitambua. Kwa mtoto huwa vimezama. Huisukuma neva kutoka ndani, ikainuka, kingo zikafifia, na daktari mwenye kurunzi yake akaona sura ile ile aliyoieleza von Graefe.

Hebu fikiria mtoto wa miaka minane aliyepelekwa kupimwa miwani tu. Daktari anamulika, anaona neva imeinuka, moyo unamdunda. Akidhani ni shinikizo la ubongo, mtoto ataingizwa kwenye mashine ya MRI, pengine kwa dawa ya usingizi, kisha achomwe sindano ya uti wa mgongo. Akidhani ni druseni na kumbe ni uvimbe wa ubongo, mtoto anaweza kupoteza macho, hata maisha. Sijui njia panda nyingi za udaktari zilizo chungu kuliko hii.

Picha zilitarajiwa kusaidia. Mwaka 1886, Jackman na Webster walipiga picha ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaohisi mwanga, ya mtu aliye hai, lakini ilibidi jicho litulie dakika mbili na nusu. Mtoto gani angeweza? Mwaka 1961, Novotny na Alvis wa Indiana, Marekani, walipiga picha za rangi ya fluoresini ikipita kwenye mishipa ya jicho. Neva iliyovimba kweli huvujisha rangi hiyo, ila lazima mtoto achomwe sindano. Ultrasaundi nayo huonyesha chokaa iking'aa, lakini druseni za watoto wengi bado hazijashika chokaa.

Mageuzi yalikuja mwaka 1991, pale David Huang, James Fujimoto na wenzao huko Massachusetts walipotangaza kipimo cha OCT. Kinatumia mwanga kama ultrasaundi inavyotumia sauti: mwangwi wa mwanga hupimwa, na tabaka za retina huonekana kama kitumbua kilichokatwa kwa kisu. Hakigusi jicho, hakina mionzi ya eksirei, na kwa mashine za leo mtoto hutazama alama kwa sekunde chache tu. Mbinu ya kuona kina kirefu zaidi ilipopatikana, druseni zilizozama zikaonekana zilivyo: viini vyeusi vyenye ukingo unaong'aa. Mwaka 2018 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilipendekeza namna moja ya kuzipima kwa OCT.

Mashine hizo ni ghali na ziko mijini. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Nakuru, Kenya, una uzito wake. Ulifanywa kwa watu wazima, lakini ulionyesha kwamba simu yenye kifaa cha kupachika inaweza kupiga picha nzuri za kichwa cha neva hata mikononi mwa asiye mtaalamu wa macho, na picha hizo zikasomwa na wabobezi walio mbali.

Mzazi, mtoto akilalamika kuumwa kichwa kila asubuhi, akitapika bila sababu, au akianza kuona kitu kimoja kama viwili, usiridhike na herufi za ukutani. Mwombe daktari amtilie matone ya kupanua mboni na amwangalie ndani ya jicho. Akikwambia neva imevimba, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo.